Sekunde 56 za Ituri

Napenda muziki unaowaza anga za juu, huu wanaouita ambienti, na binamu yake post-roki: gitaa lisilo na haraka, kinanda kinachotanda taratibu, maneno machache au hakuna kabisa. Brian Eno alitoa albamu ya Apollo mwaka 1983, akiwa na nduguye Roger na Daniel Lanois, kwa ajili ya filamu ya safari za mwezini. Isikilize ufukweni Kigoma usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa zao ziwani. Hutajua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Uzuri wake ndio huo: unakupa umbali bila kukutoa ulipokaa.

Lakini huo ni muziki unaoiota anga. Upo uliokwenda kweli. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye vipande 27 vya muziki. Wamo Bach na Chuck Berry. Yumo Blind Willie Johnson wa Texas, aliyerekodi mwaka 1927 kwa gitaa na mguno tu, bila neno hata moja; post-roki yote ingeweza kumwita babu. Na wamo wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, na wimbo wao wa unyago. Sekunde 56 tu, sauti zikipokezana kama mawimbi.

Sasa, Ituri si ugenini kwetu. Misafara ya karne ya 19 ilivuka ziwa kutoka Ujiji kwenda Manyema kutafuta pembe na watumwa, na miaka ya 1880 watu wake walikuwa wameshafika msituni humo. Kiswahili kilikwenda nao, na mpaka leo kinaongewa huko. Santuri ile ina salamu za lugha 55. Kiluganda kimo, Kinyanja kimo. Kiswahili, hakuna.

Hilo nalimeza. Linalonikaba ni jingine. Orodha ya nyimbo inamtaja Louis Armstrong, inamtaja Kesarbai Kerkar wa India. Ikifika Ituri inamtaja Colin Turnbull, Mwingereza aliyerekodi. Waimbaji ni "wasichana" tu, basi. Ujiji tunaijua hadithi hiyo: kumbukumbu ni ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, wakati wapagazi wengi waliobeba mizigo mpaka hapo wamepotea na majina yao.

Voyager 1 ilitoka kwenye himaya ya upepo wa jua mwaka 2012, na sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Kwa hiyo msomaji, mtu akikuambia muziki wa anga za juu ni mambo ya Wazungu na vinanda vyao vya umeme, usibishane naye. Mpigie zile sekunde 56, halafu muulize waimbaji ni akina nani.