New Lanark: Uadilifu Ulioishia Mlangoni

Historia si masimulizi ya kupitishia wakati. Qur'ani Tukufu yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Na mwenye kutazama vyema hupata mazingatio hata katika miji midogo. Mmoja katika miji hiyo ni New Lanark, katika nchi ya Uskoti, uliojengwa bondeni kando ya mto Clyde, pale maji yaporomokapo kwa nguvu.

Mwaka 1785 tajiri mmoja wa Glasgow, David Dale, alianza kujenga hapo viwanda vya kusokota nyuzi za pamba, mitambo ikizungushwa na nguvu za maji. Watu wazima wengi hawakupenda kufungiwa ndani mchana kutwa, basi Dale akachukua mayatima na watoto wa mafukara kutoka Edinburgh na Glasgow. Aliwapa chakula, nguo na malazi, akawawekea na walimu. Na kwa zama zile alihesabiwa mtu mwema. Hata hivyo watoto hao, na wamo waliokuwa na miaka 6 tu, walikuwa kazini tangu saa 12 asubuhi hata saa 1 usiku, ndipo wapelekwe darasani. Mtoto aliyechoka hivyo atafahamu nini?

Tarehe 1 Januari 1800 uongozi ulishikwa na mkwewe, Robert Owen, mwana wa mtengeneza matandiko ya farasi kutoka Wales. Owen aliacha kuchukua watoto wa mafukara, na akakataza asiyetimia miaka 10 asiandikwe kazi. Wafanyakazi walikuwa wamezoea kukopeshwa vitu vibovu kwa bei ya kuwakamua. Yeye akafungua duka la vitu vizuri kwa bei nafuu, na faida yake ikasaidia skuli. Kila mmoja alitoa sehemu 1 katika 60 ya mshahara wake kwa mfuko wa wagonjwa na wazee. Mwaka 1816 ikafunguliwa nyumba ya elimu: mchana wakisoma watoto, hata wadogo waliojua kutembea tu, bila ya kupigwa, na usiku wakisoma wakubwa.

Mwanzo watu hawakumwamini mgeni huyu. Kisha Marekani ikazuia pamba yake isitoke, bei ikapanda, viwanda vikasimama miezi 4. Wenye viwanda wengine waliwafukuza watu wao. Owen aliwalipa wake mshahara kamili, zaidi ya pauni 7,000, wala hawakuwa na kazi ila kuitunza mitambo. Hapo ndipo nyoyo zilipomwelekea.

Ama Owen hakuwa mtu wa dini. Mwaka 1817 alizikosoa dini zote hadharani mjini London. Kwa hilo hatumsifu. Lakini haki ni haki hata ikitendwa na asiye wetu, na ni aibu sisi kupitwa naye, hali Mtume (S.A.W.) ametuusia kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Lakini hesabu haijakamilika. Pamba ile ilitoka wapi? Ilitoka West Indies na Marekani, ikilimwa na kuchumwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Dale mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa chama cha Glasgow cha kupinga biashara ya watumwa, kilichoundwa mwaka 1791, na huku viwanda vyake vikisokota pamba ya watumwa. Mtoto wa New Lanark alifundishwa kusoma na kuimba. Mtoto wa Mwafrika ng'ambo ya bahari alipigwa mijeledi. Na uzi ulikuwa mmoja. Uadilifu wao uliishia mlangoni mwa kiwanda.

Wala tusiwanyoshee kidole wao peke yao. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na ya nafaka ya Malindi, yalilimwa na watumwa, na miongoni mwa wenyewe walikuwamo wenye kusali na kufunga. Utumwa haukuondoshwa kisheria Unguja ila mwaka 1897, na pwani ya Kenya ila mwaka 1907. Na leo je? Huyo binti aliyeletwa mjini kwa jina la kusaidia kazi, wanao wakienda chuoni yeye huenda wapi? Hulala saa ngapi? Mshahara wake humfikia mkononi, au huishia katika ahadi?

Viwanda vya New Lanark vilifungwa mwaka 1968. Watu wakahama, majumba yakaanza kuharibika, mpaka yalipofanyiwa matengenezo, na mwaka 2001 UNESCO ikautia mji huo katika urithi wa dunia. Mawe yamesalia na mitambo imenyamaza. Yaliyotendwa mle yameandikwa, mema na maovu, nasi yetu yanaandikwa sasa.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu usioishia mlangoni mwetu. Amin.