Akina Julius

Katika Jimbo la Musoma, ambako nimekuwa katekista tangu ujanani, jina Julius halikosekani kwenye daftari la ubatizo. Mzazi akilitaja, humuuliza kwanza: unamkusudia yupi? Jina la ubatizo si pambo. Mtoto anakabidhiwa mtu wa kumfuata.

Kalenda ya Kanisa inaye Papa Julius wa Kwanza, aliyeongoza kuanzia mwaka 337 hadi 352, na kumbukumbu yake ni tarehe 12 Aprili. Kabla yake Roma ilikuwa na Julius Caesar, mtawala aliyerekebisha kalenda. Mwezi wa Julai ulipewa jina lake. Wazazi wa huku hawamtaji yeyote kati ya hao.

Wanayemtaja ni Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba, kijana huyo wa miaka 21 akabatizwa Nyegina. Alilipokea Julius bila kuliacha Kambarage, akaingia nayo yote mawili Ikulu. Mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Rais wa nchi changa, mwenye kazi zisizoisha, alipata wasaa wa kumzungumzisha mtawala wa Roma kwa Kiswahili!

Kwa majirani zetu Wakenya, jina hilo limevuma viwanjani. Julius Korir alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Los Angeles 1984. Seoul 1988 ikawa zamu ya Julius Kariuki. Kisha akaja Julius Yego wa Nandi, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa wa Ulaya kwenye intaneti. Beijing mwaka 2015 aliurusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia.

Wamisionari walituletea jina. Akina Julius hawa wamelipa uzito kwa jasho lao. Tangu 2005, jimbo letu lilipoanza mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenyeheri, anaitwa Mtumishi wa Mungu. Ndiyo maana nawaambia wazazi: msiishie kwenye daftari. Mtoto akifikia umri wa kuelewa, mkalisheni mumsimulie waliolibeba jina lake, na walifanya nini.