Mkonge wa Kilosa, bomba la PVC na kinachoning'inia kwenye kaboni

Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa mjini, kisha ukaendelea mpaka Kimamba na Rudewa, utapita mashamba ya mkonge. Mengine bado yanalimwa, mengine yamemezwa na pori. Tumezoea kuyaita mashamba tu, lakini ukiyatazama kikemia yalikuwa yanazalisha polima. Singa nyeupe inayobaki jani likishapondwa kwenye korona (mashine hiyo, siyo ule ugonjwa) sehemu yake kubwa ni selulosi, yaani mnyororo mrefu wa glukosi zilizoshikana mkono. Kwa hiyo tunaposema plastiki iliua mkonge, tunasema polima moja iliipiku nyingine. Swali ni kwa nini iliyoshinda ni ile iliyoshinda, na siyo PVC iliyotangulia.

Tuanze na Wajerumani, maana wapo pande zote mbili. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kufikia 1913 koloni lilikuwa linasafirisha nje zaidi ya tani 20,000 za singa kwa mwaka. Na mwaka huohuo wa 1913, huko kwao Ujerumani, mkemia Fritz Klatte wa kampuni ya Griesheim-Elektron aliomba hataza ya kutengeneza polima ya kloridi ya vinili, ambayo leo wewe na fundi bomba mnaiita PVC.

Kampuni ile ilikuwa inapitisha umeme kwenye maji ya chumvi ili ipate magadi makali, na kila mara klorini ilitoka pembeni bila kutakiwa. Klorini ni gesi ya sumu, huwezi kuimwaga mtoni. Ilibidi itafutiwe kazi. Klatte alichukua asetilini, akaiunganisha na kloridi ya haidrojeni, akapata gesi ya kloridi ya vinili, akaiacha juani ikageuka kuwa kitu kigumu cheupe. (Eugen Baumann alishakiona kitu hichohicho mwaka 1872 na hakujua akifanyie nini.) Griesheim nao hawakujua, wakaiacha hataza ife. Mwaka 1926 Waldo Semon, Marekani, aligundua kwamba PVC ikichanganywa na kilainishi cha majimaji inakuwa laini kama mpira. Turubai za malori yanayopita Mikumi kwenda Iringa nyingi ni kitambaa cha polista kilichopakwa PVC ya namna hiyo. Turubai likizeeka linakakamaa na kupasuka kwa sababu, pamoja na kupigwa jua, kile kilainishi kimekuwa kikitoroka kidogokidogo.

Sasa tuingie ndani ya molekuli. Chora mnyororo wa kaboni, kila kaboni ina haidrojeni mbili: hiyo ni polithini, ile ya mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019. Kwenye kila kaboni ya pili ng'oa haidrojeni moja, weka klorini: umepata PVC. Badala ya klorini weka kaboni moja yenye haidrojeni tatu: umepata polipropilini. Tofauti ni hiyo tu, basi.

Lakini angalia matokeo yake. Klorini ni nzito, inabeba zaidi ya nusu ya uzito wa PVC yote, na inavuta elektroni upande wake, hivyo minyororo jirani inanatana na plastiki inakuwa ngumu. Ila klorini hizo zimekaa ovyo, moja kushoto, nyingine kulia, bila mpangilio. Minyororo haiwezi kulala pamoja vizuri kama kuni kwenye mzigo. Unapata bomba zuri, hupati kamba nzuri. Mwaka 1954 Giulio Natta, kule Milano, alitumia kichocheo alichokibuni Karl Ziegler akapata polipropilini ambayo vining'inio vyake vyote viko upande mmoja. Mnyororo wa hivyo unajisokota na kujipanga kama fuwele, na ukiuvuta unakuwa uzi imara. Utani wa historia ni kwamba kichocheo chenyewe kilikuwa na kloridi ya titani. Klorini iliingia kiwandani, ikapanga minyororo, lakini haikubaki sehemu ya mnyororo.

Unaweza kulipima hili nyumbani. Tupia kwenye ndoo ya maji kipande cha bomba la PVC na kipande cha uzi wa kiroba. Bomba linazama, uzi unaelea.

Mteja mkubwa wa mkonge alikuwa mkulima wa Ulaya na Marekani aliyefungia majani makavu ya mifugo. Mwaka 1964, mwaka ambao Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa, Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyoifikia. Kisha kamba ya polipropilini ikaingia sokoni, nyepesi na isiyooza. Wapo wanaosema utaifishaji wa 1967 ndio ulioua mkonge. Ulichangia, sikatai, lakini bei ilianza kuporomoka kabla ya Azimio la Arusha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000.

Waliolipa ni manamba, watu walioletwa mashambani kwa mkataba kutoka mbali, wengi kupitia ofisi ya SILABU iliyoanzishwa 1944. Kazi ilipoisha wengine walikuwa hawana tena kijiji cha kurudi. Na ardhi iliyotelekezwa Kilosa ikawa ya kugombaniwa na wakulima, wafugaji na wenye hati, mpaka serikali ikafuta baadhi ya hati hizo.

Leo gunia la mkonge limeiachia nafasi salfeti, ambayo ni polipropilini iliyofumwa. Hata "kamba ya manila" ya dukani ni plastiki, ingawa jina lake ni la kamba ya mmea wa Ufilipino. Hata hivyo mkonge wa kufungia majani bado una wanunuzi huko nje. Ng'ombe akimeza kipande chake, vijidudu vya tumboni vinaweza kukimeng'enya taratibu kwa kuwa ni selulosi kama majani yenyewe. Cha polipropilini hawakiwezi.