Uzi: Mumias iliangushwa na nani?

1/ Kila msimu wa kampeni hapa Kakamega lazima tuambiwe, "Tutafufua Mumias." Sawa. Lakini mimi nauliza kwanza, iliangukaje?

2/ Kiwanda kilianza kusaga miwa 1973. Mwaka 2001 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Septemba 2019 kikakabidhiwa meneja mrasimu, wakulima wakiwa bado wanadai pesa zao.

3/ Mwaka 2017, kiwanda kikiwa tayari hoi kwa madeni, sukari ya nje iliruhusiwa kuingia bila ushuru. Mwaka 2018 ripoti kuhusu sukari ya magendo ikaangushwa bungeni, wabunge wenyewe wakidai wenzao wamehongwa.

4/ Kwa hivyo mgombea akija, usimuulize kiwanda kitafufuka lini. Muulize kampeni yake inalipiwa na nani.