Muda wa Kungoja: Mintarafu ya Wakati wa Hadithi na Wakati wa Wasikilizaji

Msomaji aliyekishika kitabu kizima mkononi ana mamlaka makubwa juu ya wakati: akitaka, miaka ishirini ya mfalme humpitia kwa kurasa mbili kabla taa haijazimwa, na akichoka hukifunika akakirejea kesho, naye anajua kwamba mwisho umekwisha kuandikwa. Lakini msikilizaji apewaye hadithi kwa mafungu, leo fungu moja na lingine juma lijalo, hana mamlaka hayo, kwa maana baina ya fungu na fungu huingia maisha yake mwenyewe, pamoja na soko la Kadutu hapa Bukavu, ada za shule, jirani mgonjwa na habari za vita, wala maisha hayo hayasimami kwa kuwa shujaa amezingirwa na adui. Dai langu katika makala haya ni kwamba muda huo wa kungoja ni sehemu ya hadithi yenyewe, ijapokuwa msimulizi hakuutunga wala hawezi kuujua kabla haujapita. Na wahakiki wetu, waliozoea kupima kazi ya fasihi kwa yale yaliyomo baina ya majalada mawili, wamekosa kuutia katika hesabu.

Mwenye kutaka ushahidi wa kale na aanzie Alfu Lela Ulela. Aghalabu Shehrazadi husifiwa kwa hila ya kukatiza hadithi alfajiri ili mfalme amwache hai mpaka usiku wa pili, na sifa hiyo inamstahiki. Lakini liko jambo lisilotajwa sana, nalo ni hesabu ya mwisho. Katika chapa ya Bulaq ya mwaka 1835, masiku 1001 yatimiapo, Shehrazadi anawaleta mbele ya mfalme wana watatu aliomzalia, mmoja anatembea, mmoja anatambaa, mmoja ananyonya. Masiku hayo ni kiasi cha miaka miwili na miezi tisa, na umri wa watoto wale hauipingi hesabu hiyo. Basi hadithi zile za majini na mabaharia, ambazo ndani yake umri mzima wa mtu hukatwa kwa sentensi moja, zilikuwa zikisimuliwa huku mimba zinakua na watoto wanaachishwa ziwa chumba cha pili. Na mfalme, alipowaona, alijibu kwamba alikwisha kumsamehe mama yao kabla hawajaletwa. Naamini jibu hilo linabeba siri ya kitabu chote, kwa kuwa hakuna hadithi moja miongoni mwa zile inayoweza kutajwa kuwa ndiyo iliyompoza. Kilichompoza ni karibu miaka mitatu ya kweli iliyokusanyika pembeni mwa hadithi.

Karibu nasi zaidi yako masimulizi ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Mwaka 1956, wakati nchi ya Wanyanga na mji wa Bukavu zilipokuwa bado katika jimbo moja la Kivu, msimulizi Candi Rureke aliimba, alisimulia na kuigiza habari za Mwindo katika kijiji cha Bese kwa siku 12, na mtafiti Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake wakazinakili. Matini hayo yakatoka kitabuni mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Rureke alisisitiza kwamba hajapata kamwe kuisimulia habari yote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kutoa kipande hiki jioni hii na kipande kingine wakati mwingine, mbele ya watu waliokwisha kuwajua Shemwindo, baba wa shujaa, na shangazi Iyangura tangu utoto wao, nao wakaitikia nyimbo na kumtunza msimulizi. Kwa hiyo mpangilio tuusomao leo, unaotoka kuzaliwa kwa shujaa mpaka kutawala kwake bila kukatika, ni zao la siku zile 12 na la ombi la mtafiti, na katika maisha ya kawaida ya Bese haukuwako.

Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Shujaa mwenye utoto mrefu humlazimisha msimulizi kushika utaratibu wa miaka, ili aliyekosa jioni moja asipotee. Lakini shujaa aliye kamili tangu siku ya kwanza huweza kuingiliwa popote, leo akiwa kuzimu kwa Muisa, mwezi ujao akiwa amechukuliwa na Nkuba, yaani radi, kukaa mwaka mzima mbinguni, na msikilizaji asiulize kipi kilitangulia. Anayekua ni msikilizaji. Yule aliyeusikia ugomvi wa Mwindo na baba yake akiwa mtoto, huusikia tena naye akiwa baba, na ugomvi ule ule sasa unamwelemea upande mwingine. Tena Rureke hakuuficha wakati wa kweli uliokuwa umemzunguka, kwa maana ndani ya nyimbo zake anamwita hata mwandishi aliyekuwa akinakili maneno yake, amhimize aendelee; na mwito huo uko kitabuni mpaka leo, baina ya matendo ya shujaa.

Si kila shujaa asiyezeeka ana haki hiyo ya Mwindo. Tintin wa Hergé aliingia Kongo katika gazeti la watoto la Brussels mwezi wa Juni 1930, fungu kwa fungu kila juma, na katika kitabu cha mwaka 1976 bado ni kijana yule yule, suruali tu imebadilika. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa mwaka ule wa 1930 alikuwa amepita katika ukoloni, amefika Uhuru wa 30 Juni 1960, na nchi yake imegeuzwa jina kuwa Zaire mwaka 1971. Msimulizi akimzuia shujaa wake asizeeke, huwazuia pia watu aliokutana nao njiani, na Wakongo wa kurasa zile wamebaki katika utoto waliochorewa. Dhuluma hiyo naihesabu kubwa kuliko michoro yenyewe, kwa sababu mchoro waweza kusahihishwa katika chapa mpya, ilhali wakati ulionyimwa watu hausahihishiki.

Njia iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kumwacha mhusika azeeke pamoja nasi. Radio Tanzania ilianza mwaka 1993 kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, na ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, pamoja na mkewe Tunu aliyemvumilia mpaka akaondoka. Mkwaju alipata Ukimwi akafa. Maradhi hayo yana kalenda yake, nayo hukaa mwilini miaka kadhaa bila dalili. Mchezo wa jioni moja ungeweza kuitaja miaka hiyo kwa maneno tu, bali mchezo wa mfululizo ulimweka msikilizaji katika kungoja kwenyewe, akiishi na mtu ambaye kila juma anacheka, anaendesha lori, naye hajui. Kituo cha Dodoma kiliachwa nje mpaka mwaka 1995 ili Peter Vaughan, Everett Rogers na wenzao wapate kulinganisha, nao wakaona kwamba waliousikiliza mchezo walielekea zaidi kwenye uzazi wa mpango na kujikinga. Watafiti waliandika matokeo hayo kuwa ni nguvu ya mfano mwema na mbaya. Mimi naongeza kwamba watu wa Morogoro na watu wa Dodoma waliishi miaka ile ile chini ya jua lile lile, na tafauti yao ilikuwa kwamba wa kwanza walikwisha kuingoja hatima ya Mkwaju kwa miezi mingi, wakaizungumza nyumbani na vilabuni, ilhali wa pili hawakuwa na mtu huyo wa kumngojea.

Lakini muda wa kungoja hauna dhamana, na hapa Kivu tunalijua hilo kuliko wengine. Utafiti wa Elizabeth Levy Paluck, uliotolewa mwaka 2010, ulifuata kwa mwaka mmoja mchezo wa redio wa upatanisho uliorushwa mashariki mwa Kongo. Sehemu nyingine watu walipewa mchezo peke yake; sehemu nyingine ulifuatiwa na kipindi cha kuwahimiza wazungumze waliyoyasikia. Waliohimizwa walizungumza zaidi kweli, lakini walionekana pia kuwa wazito zaidi kuwavumilia wasiowapenda, wepesi zaidi wa kukumbuka madhara waliyotendewa, na wagumu zaidi wa kuwasaidia. Wengi wamelisoma jambo hilo kuwa hoja dhidi ya mazungumzo. Nalisoma kwa namna nyingine: wahusika wa mchezo walikuwa wamefikishwa kwenye suluhu na kalamu ya mwandishi, ilhali msikilizaji alirudi, kila kipindi kikiisha, katika wakati ambao aliyemchomea nyumba hajafikishwa popote. Nyakati mbili hizo zilipowekwa mezani pamoja, pengo baina yake ndilo lililozungumzwa.

Fauka ya hayo, wakati wa Bukavu hukatwa bila taarifa. Redio Maendeleo, iliyoanzishwa hapa mwaka 1993, ilifungwa mwaka 1999 na waasi wa RCD waliokuwa wakiutawala mji. Askari waasi waliuteka mji mwezi wa Juni 2004. Ardhi ikatetemeka asubuhi ya Jumapili, 3 Februari 2008, na makanisa yakaanguka juu ya waumini ng'ambo ya mto Ruzizi. Mhusika anayedai kuishi mwaka mmoja nasi, kisha akapita Februari ya namna hiyo bila ufa katika ukuta wake, ametoka katika mwaka wetu, na msikilizaji hulitambua hilo kabla ya mhakiki.

Kwa hiyo mwandishi wa mchezo wa mfululizo aketiye Bukavu leo na aanze na kalenda ya shamba. Maharagwe yapandwayo Kabare mwezi wa Septemba huvunwa Desemba au Januari; akimpandisha mhusika wake mbegu katika fungu la Septemba, asimvunishe Oktoba kwa kuwa anahitaji karamu. Na ikiwa mhusika huyo ameuliwa ndugu, asimpatanishe na muuaji kabla maharagwe hayo hayajapandwa na kuvunwa mara nyingi, hata kama wafadhili wa mchezo wanataka suluhu ipatikane kabla fedha za mwaka hazijafungwa.