Kauli Taarifa Katika Madarasa ya Singida

Sarufi ya Kiingereza ilichelewa kuingia Singida. Wajerumani waliendesha utawala wao kwa Kiswahili. Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndio walioipeleka lugha yao ofisini na katika madarasa ya juu. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi za umma. Kiingereza kikabaki somo huko, na lugha ya kufundishia sekondari.

Hapo sekondari ndipo kauli taarifa, yaani kuripoti maneno ya mtu mwingine, inapowasumbua vijana wa wilaya za Iramba, Manyoni na Ikungi mkoani Singida. Kwa Kiswahili husemwa, “Juma alisema anaumwa,” na kitenzi cha pili hubaki katika wakati uliopo, kama Juma mwenyewe alivyotamka. Kiingereza kwa kawaida hudai “Juma said he was ill”: wakati unarudishwa nyuma. Hata “kesho” hugeuka “siku iliyofuata”.

Kosa la kuuacha wakati uliopo si uvivu. Anayeandika “said he is ill” anafuata kanuni sahihi ya Kiswahili, ambacho kwa wengi kilitanguliwa na Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani. Walimu wapewe nafasi ya kuzipanga sentensi za Kiswahili na za Kiingereza bega kwa bega ubaoni.