Madini: uainishaji kwa muundo wa kikemia

Madini (nomino, upatanisho wa ya-) ni neno lenye asili ya Kiarabu. Silabi ma- iliyo mwanzoni mwake si kiambishi cha wingi, wala neno halina umoja; anayetaka kutaja moja husema "aina moja ya madini". Katika matumizi ya kila siku neno hutaja chochote cha thamani kinachochimbwa, na pengine metali yenyewe. Katika jiolojia maana yake ni finyu zaidi: kitu kigumu cha asili chenye muundo maalumu wa kikemia, ambacho atomi zake zimepangika kwa utaratibu. Kwa maana hii dhahabu ni madini, lakini granaiti si madini. Ni mwamba, yaani mchanganyiko wa aina kadhaa za madini.

Aina zaidi ya 5,000 zimekwisha kutambuliwa. Jöns Jacob Berzelius, mwanakemia wa Uswidi, alizipanga kwanza kwa kufuata metali iliyomo, kisha akageuza msingi huo na kufuata sehemu isiyo metali, yaani anioni. Chumvi na magadi hudhihirisha sababu. Vyote viwili huachwa na maji yaliyokauka, vyote vina sodiamu. Lakini chumvi ni kloraidi, hivyo imo katika kundi la halaidi, ilhali magadi ni kaboneti: hutoa povu yakitiwa siki, jambo ambalo chumvi haifanyi. Kalsaiti, isiyo na sodiamu hata chembe, hutoa povu ikitiwa asidi kama magadi yanavyofanya. Undugu wa madini, basi, umo katika anioni.

Hapa ndipo tafsiri nyingi hupotoka. "Madini ya chuma" ni usemi sahihi kibiashara, lakini si jina la kundi: hemataiti ni oksaidi, pairaiti ni salfaidi na sideraiti ni kaboneti, ingawa zote zina chuma. Vivyo hivyo, "madini ya kaboni" na "madini ya kaboneti" si kitu kimoja. Almasi na grafaiti ni kaboni tupu, nazo huwekwa katika kundi la elementi asilia pamoja na dhahabu na fedha. Kalsaiti na malakaiti ni kaboneti. Herufi chache zilizokosewa humhamisha msomaji kutoka kundi moja hadi jingine.

Mwisho wa neno wahitaji uangalifu uleule. Salfaidi ina salfa isiyoungana na oksijeni, mfano galena, madini ya risasi. Salfeti ina salfa iliyoungana na oksijeni, mfano jasi. Mwalimu asiyetofautisha -aidi na -eti tangu somo la kwanza atalirudia somo hilo mara nyingi. Fosfeti, kama apataiti itumikayo kutengenezea mbolea, hufuata kanuni hiyohiyo.

Kundi kubwa kuliko yote ni siliketi, ambazo ni takriban asilimia 90 ya gamba la Dunia. Msingi wake ni atomi moja ya silikoni iliyozungukwa na nne za oksijeni. Humo mna ulanga, feldispa na pia tanzanaiti ya Mererani, ambayo ni siliketi ya kalsiamu na alumini. Yakuti, kwa upande mwingine, ni oksaidi ya alumini. Sokoni vyote viwili huitwa vito, na neno kito halisemi lolote kuhusu kemia.

Kwatzi imezua mgogoro. Fomula yake, SiO₂, ni ya oksaidi, na mfumo wa Hugo Strunz huiweka huko. Mfumo uliotokana na James Dwight Dana huiweka miongoni mwa siliketi, kwa kuwa atomi zake zimefungamana kama za feldispa. Mfasiri aufuate mfumo wa matini anayoifasiri, asisahihishe.

Muundo wa kikemia pekee hautoshi kutoa jina. Kalsaiti na aragonaiti zina fomula moja, CaCO₃, lakini fuwele zake hutofautiana. Kundi ni moja, majina mawili.